Tusilisahau jukwaa lililomlea Lupita

Mhariri,

Kila Lupita Nyong'o anapotajwa magazetini, habari huanza na tuzo ya Oscar aliyoitwaa Machi 2014 na kuishia kwenye gauni alilovaa. Mimi ni mlezi wa chama cha drama katika shule moja ya sekondari mtaani Umoja, na uandishi wa namna hiyo unanitia taabu, kwa sababu wanafunzi wangu wameanza kuamini kwamba uigizaji ni bahati inayomshukia mtu akiwa mbele ya kamera.

Lupita alikuwa na umri wa miaka 14 alipoigiza Juliet wa Shakespeare na kundi la Phoenix Players papa hapa Nairobi. Ukumbi wa kundi hilo, kwenye jengo la Professional Centre, ulikuwa mdogo kiasi kwamba aliyeketi safu ya mbele aliweza kuona jasho kwenye paji la mwigizaji, na aliyesahau maneno hakuwa na pa kujificha. Wapo watakaosema kwamba alizaliwa katika familia yenye uwezo, baba yake akiwa profesa na mwanasiasa. Sikatai, lakini cheo cha mzazi hakimkaririshi mtoto mistari ya Juliet.

Baadaye aliigiza katika Shuga, mfululizo wa televisheni wa mwaka 2009 uliopigwa Nairobi, kisha akaenda kusomea uigizaji Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Huko alikuwa mwigizaji wa akiba katika Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira kuhusu wanawake wa Liberia wakati wa vita. Yaani aliyakariri maneno ya mwenzake yote, akakaa kungoja siku ambayo huenda isifike. Na alipokwisha kupata Oscar, wakati ambapo mtu angetarajia akimbilie filamu tu, aliirudia tamthilia ileile jijini New York mwaka 2015, safari hii akiwa mhusika na si akiba, na ilipohamia Broadway, kwenye kumbi kubwa za tamthilia za jiji hilo, mwaka 2016 akateuliwa kuwania Tony, tuzo ya michezo ya jukwaani. Sijaona gazeti letu likilipa jambo hilo nusu ya nafasi linayoyapa mavazi yake.

Mafunzo hayo ya jukwaani ndiyo ninayoyaona katika filamu zake. Katika Us ya mwaka 2019 aliigiza wanawake wawili wanaofanana sura, mmoja akiwa na sauti iliyokwaruza kama ya mtu aliyekaa miaka bila kusema. Mwaka 2024 alicheza A Quiet Place: Day One, ambamo kelele huleta kifo, hivyo sehemu kubwa anazungumza kwa macho, mwaka huohuo akawa sauti ya roboti katika katuni ya The Wild Robot, ambamo uso wake hauonekani kabisa. Agosti 2025 alirudi jukwaani katika bustani ya Central Park kuigiza Viola katika Twelfth Night ya Shakespeare, mdogo wake Junior akiigiza pacha wa Viola, na wawili hao wakasemezana kwa Kiswahili mbele ya watu wa New York. Nilipowasimulia wanafunzi wangu hilo, msichana mmoja wa kidato cha tatu, ambaye huona haya hata kusoma kwa sauti darasani, aliniuliza kama Shakespeare anaruhusiwa kwa Kiswahili.

Tunafanyia mazoezi bwaloni, tukisukuma mabenchi ukutani, harufu ya githeri ikiwa bado hewani. Mwaka jana tuliulizia ukumbi mmoja wa mjini, tukatajiwa kodi iliyozidi bajeti ya chama chetu ya mwaka mzima. Phoenix nayo haipo tena pale ilipokuwa.

Ninaomba basi gazeti lako litenge safu ya kuhakiki michezo ya jukwaani, ya shule ikiwamo, na wanaosimamia kumbi za umma wafikirie kuwapunguzia wanafunzi kodi siku za katikati ya wiki, kumbi hizo zinapokuwa tupu. Mwandishi wako akipenda kuanzia kwetu, tunaanza Jumatano saa kumi na nusu, wapishi wakimaliza kupiga deki.

Mlezi wa chama cha drama,
Umoja, Nairobi.