Rehema, anza na Mint

Morogoro, 9 Novemba 2025

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo. Ujumbe wako niliupata, nikaona nikuandikie kwa kirefu, maana hili si la kujibiwa kwa mistari miwili ya WhatsApp.

Umesema kompyuta ya dukani imegomea Windows 11, na Windows 10 ndiyo hiyo Microsoft walifunga huduma zake tarehe 14 Oktoba. Kijana aliyekuja kukuangalizia akakushauri uhamie Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Hapo yuko sahihi kabisa. Ila aliposema akuwekee Arch, mojawapo ya distro, yaani aina za Linux, nilishtuka. Arch ni kazi nzuri, na maelezo yake ya mtandaoni hata sisi wa distro nyingine tunayakimbilia tukikwama. Lakini inakukabidhi msingi mtupu, halafu mengine yote unachagua na kuyaweka mwenyewe. Tena haina toleo la kutulia nalo: vifurushi vipya vya programu vinaingia mfululizo, na mtumiaji anatarajiwa asome matangazo kabla ya kusasisha. Wewe una foleni ya wanafunzi wanaotaka kopi, na bando unanunua kwa fedha yako.

Watu wakiulizana kuhusu uzoefu huhesabu miaka ambayo mtu ameshika kompyuta. Mimi kwako nauliza hivi: ikizingua saa nne asubuhi, wateja wamejaa, kijana yuko Geita, utafanya nini? Kama jibu ni kumpigia simu mtu, basi chagua distro ambayo watu wengi wanaijua, na ambayo unaweza kuirudisha ilivyokuwa jana bila kuandika amri hata moja.

Ndiyo maana nasema Linux Mint, toleo la 22.2, lile la Xfce, yaani lenye sura nyepesi ya skrini. Mint imejengwa juu ya Ubuntu, kwa hiyo karibu kila maelekezo ya Ubuntu yanakufaa na wewe. Toleo hili litapata marekebisho ya usalama hadi 2029. Lipo pia la Cinnamon, zuri zaidi kwa macho, lakini kwa RAM yako ya GB 4 Xfce itakuachia nafasi ya kufungua kivinjari na nyaraka kwa pamoja. Menyu iko chini kushoto kama ulivyozoea. Ndani kuna programu inaitwa Timeshift, inayopiga picha ya mfumo mzima kwa ratiba unayopanga. Sasisho likiharibu kitu, unachagua picha ya juzi, unarudi ulikokuwa. Iwashe siku ya kwanza. Ila kumbuka hailindi nyaraka zako. Hizo endelea kuzinakili kwenye diski ya nje.

Ubuntu yenyewe nayo ingekufaa, lakini sura yake ya kawaida inakula RAM na mpangilio wake ni mgeni kwako. Fedora inatoa toleo jipya kila baada ya miezi sita hivi, na kila toleo hudumu takriban miezi 13 tu, kwa hiyo iache kwanza. Debian naipenda mno. Ipo tangu 1993, Ubuntu imetokana nayo, na tangu 2023 kisakinishi chake kinakuja na programu za kuwezesha vifaa kama kadi za Wi-Fi, jambo lililokuwa likiwasumbua wengi. Ukishakaa na Mint mwaka mmoja hivi na kuanza kufungua terminali (dirisha la kuandika amri) bila woga, tutaizungumza.

Sasa yanayohusu duka lako hasa, maana hapa ndipo uamuzi ulipo. Maombi ya mikopo ya HESLB, ya vyuo na ya ajira yote yanafanyika kwenye kivinjari, na Firefox imo tayari. Nyaraka za Word zitafunguka kwa LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, ila mteja asipokuja na PDF, pitia kurasa kabla ya kuchapa, kwa sababu fonti zikibadilika, mstari mmoja unaweza kurukia ukurasa wa pili. Penye shida kweli ni Publisher, ile programu ya Microsoft ya kupangia kurasa. Najua kadi zako za harusi na ratiba za misiba ziko humo. Draw ya LibreOffice inaweza kufungua mafaili hayo, lakini mpangilio mara nyingi unayumba. Microsoft nao wametangaza kwamba Publisher inafikia mwisho Oktoba 2026, kwa hiyo hata ungebaki Windows ungelazimika kuhama. Anza sasa kutoa kadi zote katika PDF, na zile unazozitumia kila wiki zichore upya taratibu.

Na flashi za wateja! Wale virusi wanaogeuza mafolda yote kuwa shortcut, kisha mwanafunzi analia kwamba ripoti yake ya field imepotea. Ukiichomeka kwenye Mint, mara nyingi mafolda yaliyofichwa yanaonekana yalivyo, na kirusi kimelala pembeni kama faili tu, kwa sababu kimeandikiwa Windows. Unamnakilia kazi yake, anaondoka anacheka. Hilo peke yake litakuletea wateja.

Usikubali mtu afute chochote bado. Pakua faili la ISO, yaani faili moja lenye Mint nzima, ni GB 3 hivi, basi nunua bando la usiku. Liandikwe kwenye flashi kwa programu ya balenaEtcher, uwashe kompyuta kutoka humo. Mint itafunguka bila kugusa diski yako. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasomwa kutoka kwenye flashi, hilo lisikutishe. Jaribu Wi-Fi, sauti, skana, na zaidi ya yote printa. Chapa ukurasa wa rangi, chapa pande mbili. Printa nyingi za HP zinakubali zenyewe. Baadhi ya nyingine zinahitaji draiva kutoka kwa mtengenezaji, na chache zinakataa katakata. Ni bora ulijue hilo wakati Windows yako bado ipo.

Nitumie picha ya kibandiko kilicho nyuma ya printa zote mbili, nikuangalizie kabla hujanunua bando. Na mwambie kijana nampongeza kwa kupenda Linux. Akija Jumamosi akae nawe muweke Mint pamoja, wewe ndiye ushike kipanya.

Wako,
Zaituni