Wapiga piano wa studio nao watajwe

Ndugu Mhariri,

Nimefuatilia kwa furaha makala mnazochapisha kuhusu bendi za roki za Uingereza za miaka ya 1960 na 1970. Hata hivyo, zimejaa habari za waimbaji na wapiga magitaa, na sijaliona humo jina la Nicky Hopkins, ilhali nyimbo kadhaa mlizozisifu zimebebwa na piano yake.

Hopkins alizaliwa Perivale, magharibi mwa London, tarehe 24 Februari 1944, akasomea piano katika chuo cha Royal Academy of Music kabla ya kujiunga na bendi za roki na bluzi. Mwaka 1963 aliugua vibaya, akalazwa kwa zaidi ya mwaka mmoja, na ugonjwa wa Crohn, unaoshambulia utumbo, ukamwandama hadi mwisho wa maisha yake. Kwa kuwa mwili wake haukustahimili maonyesho ya kila usiku, aligeukia kazi ya studio, ambako mwanamuziki huitwa, hupiga sehemu yake, hulipwa ujira wa kipindi hicho na kuondoka bila mrabaha.

Usikilizwe wimbo wa Rolling Stones wa mwaka 1967, She's a Rainbow: piano ndiyo inayoufungua, na ndiyo inayorudi kila baada ya ubeti kuukumbusha wimbo unakoelekea. Mwaka uliofuata, katika Sympathy for the Devil ya bendi hiyohiyo, mpiga gitaa wao Keith Richards alishika besi, na gitaa lake la umeme halisikiki mpaka karibu na katikati ya wimbo. Muda wote huo ni Hopkins anayeujenga, akianza kwa utulivu na kuongeza nguvu kidogo kidogo hadi ngoma na piano zinakuwa kitu kimoja. Piano ya umeme katika Revolution ya Beatles, toleo la santuri ndogo la mwaka 1968, ni yake, kama ilivyo piano ya kawaida katika Jealous Guy ya John Lennon ya mwaka 1971.

Kwa maoni yangu, mtu anayebuni mlango wa wimbo namna hii amechangia utunzi, lakini desturi ya biashara ya muziki humhesabu mwandishi wa maneno na sauti ya kuimbwa, na mengine yote huyaita kibarua. Bendi ya The Who ilimtendea Hopkins tofauti mwaka 1965: katika The Ox, wimbo usio na maneno, jina lake limo miongoni mwa watunzi pamoja na wanabendi Pete Townshend, John Entwistle na Keith Moon.

Kazi zake mwenyewe nazo zinastahili kusikilizwa. Akiwa na bendi ya Quicksilver Messenger Service ya California mwaka 1969, alirekodi utunzi wake, Edward, the Mad Shirt Grinder, ambao kwa zaidi ya dakika 9 unaonyesha alivyoweza kuongoza bendi nzima kwa vidole vyake. Albamu yake ya mwaka 1973, The Tin Man Was a Dreamer, ilimpata George Harrison wa Beatles kwenye gitaa, akitumia jina la George O'Hara. Sauti ya Hopkins ni nyembamba, na sidhani kama aliwahi kujiona mwimbaji, ila piano ya albamu hiyo ni ya mtu aliyeujua muziki wa Chopin, mtunzi wa piano wa karne ya 19, na wa baa kwa kiwango kimoja.

Alifariki Nashville, Marekani, mwezi Septemba 1994, akiwa na umri wa miaka 50. Jumba la heshima la Rock and Roll Hall of Fame lilimtunuku mwaka 2025, miaka 31 baadaye.

Ombi langu ni kwamba kila makala ya wimbo itaje waliopiga ala, hasa wale waliokodiwa. Hilo si jambo jipya: Beatles walipotoa Get Back mwaka 1969, waliandika kwenye santuri yenyewe kwamba wamepiga pamoja na Billy Preston, aliyekuwa kwenye piano ya umeme.

Wako,
Msomaji, Tanga