Usinunue salfa kwanza, nisubiri

Shoga angu Mwajuma,

Salama huko? Sisi huku Newala tupo, mvua ndo zinaishiaishia. Meseji yako nimeipata kuwa mzee, Mungu amrehemu, kakuachia ile mikorosho na unataka kuja kuihudumia mwenyewe, nimefurahi sana yaani, ila hapo ulipouliza ununue mifuko mingapi ya salfa ndo nimeona nikuandikie kirefu, maana salfa siyo mbolea.

Salfa ni dawa ya unga ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho. Ule unga mweupe kwenye majani na maua ni fangasi, kitu hai kabisa kinachonyonya mti, na jani kavu hakina haja nalo, kinataka kichanga tu, jani laini, ua, korosho ndogo ndo inaanza kufunga. Mwaka juzi niliuona nikadhani vumbi, si unajua shamba letu lipo barabarani, nikakaa wiki tatu, nakuja kushtuka maua yamekauka yamekuwa meusi kama yamepitiwa na moto. Nikakopa hela nikapuliza mti kwa mti na bado sikupata kitu. Kumbe salfa haiponyeshi ua lililokwisha shikwa, inazuia tu mbegu za fangasi zinazoletwa na upepo zisiote. Kwa hiyo unawahi, maua yanapochomoza tu, alfajiri umande upo na upepo umetulia ili unga wa salfa unate, robo kilo hivi kwa mti mkubwa, halafu unarudia baada ya wiki mbili. Na kabla ya yote unapogoa, maana yale machipukizi ya kivulini chini ya mti ndo fangasi inapojificha kusubiri msimu.

Wazee wanaukumbuka vizuri huu ugonjwa. Msimu wa 1973/74 nchi ilitoa korosho tani kama 145,000, kufika 1986/87 zimebaki kama 16,000. Bei nayo ilikuwa mbaya na watu walihamishiwa vijiji vipya wakaacha mashamba mbali, lakini ubwiriunga ndo ulikuja kumalizia.

Sasa ukishaogopa usije ukafanya kama wengine wanaomwaga salfa bila kipimo. Ile inayodondoka chini haipotei. Udongoni kuna bakteria wanaoigeuza kuwa asidi, na huu udongo wetu wa kichanga hauhimili, miaka ikienda unakuwa mchachu, karanga na kunde unazopanda katikati ya miti zinadumaa na mtu anabaki kusema shamba limechoka. Hao bakteria siwalaumu hata kidogo, wanafanya kazi yao, sisi ndo tunawalisha kupita kiasi.

Na wapo bakteria wengine ambao kwa kweli nawapenda. Jana nimeng'oa mche wa mbaazi taratibu na udongo wake, mizizini kuna vivimbe vidogo vidogo, nikapasua kimoja kwa kucha, ndani pinki kama nyama! Ukiona rangi hiyo jua wamo kazini. Wanakamata naitrojeni ya hewani wanaupa mbaazi, mbaazi nao unawapa sukari, na hewa yote hii tunayovuta zaidi ya robo tatu ni naitrojeni lakini mmea peke yake hauwezi kuitumia. Marehemu mama alikuwa anaving'oa akijua ni ugonjwa, na mimi nilimsaidia kung'oa utoto wangu wote, roho inaniuma hadi leo. Udongo ukichacha hawa nao wanapungua, ndo maana nakusisitizia kipimo.

Basi njoo katikati ya mwezi wa tano, msumeno wa kupogolea ninao. Tutapita Naliendele kwa watafiti wa korosho tuulize dawa ya maji ya kupishanisha na salfa, ndo tujue mifuko mingapi. Mbegu ya mbaazi nimekuwekea debe zima, utapanda mvua zikirudi.

Wasalimie watoto.

Shoga yako,
Zainabu