Silva sio rangi moja, mafundi rangi wa Mtwara msiwaonee

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu yule msomaji wa Masasi aliyeandika kwamba mafundi rangi wa huku kusini wote ni wababaishaji na kwamba mtu mwenye akili akigongwa mlango apeleke gari Dar. Mimi nauza rangi, tina ya kuyeyushia rangi, fila ya kuzibia vibonde na msasa hapa Mtwara mjini, duka langu limebanana na magereji, hao anaowasema ndo wateja wangu wa kila siku. Mtasema natetea tumbo langu, haya semeni, ila jamaa kasahau kwamba majibu ya malalamiko yake kayaandika mwenyewe kwenye barua yake.

Kasema gari yake ni Toyota IST ya silva, yaani rangi ya fedha, bodaboda kamchapa mlango wa nyuma kushoto, kaipeleka gereji asubuhi akataka jioni aondoke nayo, na akampa fundi maelekezo kwamba apige rangi mlango tu, kwingine asiguse. Alafu anashangaa kwanini mlango unaonekana kama umetoka kwenye gari nyingine. Kaka yangu, kwa masharti hayo hata ungeipeleka kwao Toyota Japani wangekurudishia mlango wa rangi nyingine.

Nieleze kidogo maana wengi hawajui na sio kosa lao. Silva sio rangi ya kawaida kama nyeupe ya daladala. Ndani yake kuna chembechembe za alumini, vipande vidogo sana vinavyorudisha mwanga, na rangi utakayoiona inategemea zile chembe zimelalaje baada ya kupulizwa. Fundi akiweka rangi nyingi yenye maji maji chembe zinazama, rangi inakuwa nyeusi nyeusi, akipuliza kwa mbali na upepo mwingi rangi inafika kavu kavu, inaonekana nyeupe zaidi. Kopo ni lilelile, fundi ni yuleyule, asubuhi na mchana wa jua kali anapata silva mbili tofauti. Ndo maana kila sehemu wanaofanya hii kazi vizuri hawapigi rangi kipande kimoja kikaishia kwenye ukingo wa mlango. Wanapiga mlango ulioumia, alafu rangi ile ya besi, yaani ile yenye silva yenyewe, wanaififisha taratibu kuingia mlango wa mbele na bodi ya nyuma juu ya tairi, mwisho wanamwaga klia, lile koti la juu lisilo na rangi linaloleta mng'ao, kwenye vipande vyote vitatu kuanzia ukingo mpaka ukingo. Tofauti inakuwepo bado, ila jicho halipati mahali pa kulinganishia.

Sasa ngoja uone mteja wetu akikuta fundi anausugua kwa msasa mlango wa mbele ambao haujaguswa na mtu. Kelele mpaka bandarini! "We fundi unanitafutia bili!" Fundi naye ana njaa zake, anaacha, anapuliza mlango mmoja kama alivyoambiwa, wiki ijayo anatukanwa gazetini.

Kitu kingine ni namba ya rangi. Watu wanakuja dukani wananiambia nipe silva ya Toyota, nawauliza ipi, wananiangalia kama nimewatukana. Toyota silva zake ni nyingi, kuna 1C0, kuna 1E7, kuna 1F7, na hizo ni chache tu. Fungua boneti utafute kile kibati kilichopigwa kwenye ukuta wa injini, gari nyingine kinakaa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, angalia palipoandikwa C/TR, herufi na namba za kwanza pale ndo rangi ya gari, zinazofuata ni za vitambaa na plastiki za ndani. Ukiona 040 hiyo nyeupe ya kawaida, hapo hata mimi nakwambia piga mlango mmoja na usiogope sana. Ukiona 202 ni nyeusi. Ukiona 070 hiyo ni nyeupe ya lulu, hapo kaa chini kwanza na fundi wako, kwasababu inapigwa mara tatu, besi nyeupe, alafu koti la lulu lenyewe, alafu klia, na koti la lulu likizidi au likipungua raundi moja tu mlango unaenda kwenye njano au unakuwa mweupe kama chokaa. Wenye Harrier wananielewa.

Na hiyo namba nayo sio mwisho wa maneno. Gari imekaa Japani miaka, imekuja hapa inalala nje, jua la Mtwara na chumvi ya bahari vinaila, silva yake leo sio ile iliyotoka nayo kiwandani. Kwahiyo namba inakupa pa kuanzia, mengine ni macho. Mafundi wazoefu wanafungua kile kifuniko cha kujazia mafuta wananiletea dukani tufananishie rangi, tunakipiga kampaundi, ile dawa ya kung'arishia, kwanza kitoke uchafu na ukungu maana ukichanganya rangi kwa kufuata kifuniko kilichochoka utapata rangi iliyochoka, ndo tunaanza kupima rangi kwenye mzani.

Juzi juzi kuna dada mwalimu ana Spacio ya silva, yeye alikubali kusubiri. Fundi alipuliza rangi kwenye kipande cha bati, akakiacha kikauke, akapitisha na klia kabisa, maana rangi mbichi inadanganya na isiyo na klia inadanganya zaidi. Wakakishika kwenye mlango wa mbele wakiwa kivulini, safi kabisa, dada akasema basi twende. Fundi akamwambia subiri, wakaisukuma gari juani. Ukisimama mbele ya mlango kile kibati rangi yake imekuwa nzito kidogo, ukichuchumaa karibu na taa ya nyuma ukaangalia kwa ubavu kina ubluu ambao gari haina. Walirudi kwangu tukaanza upya, tukapunguza tone la nyeusi, tukabadili silva ya chembe ndogo tukaweka ya chembe kubwa, wakaenda wakapuliza kibati kingine. Ile gari leo ukiniambia nikuonyeshe mlango upi uligongwa itabidi nimpigie mwenyewe nimuulize. Na fundi huyo ni wa hapa hapa Mtwara, chini ya mwembe, wala hana chumba cha rangi.

Tukija kwenye lile la pili, kwamba fundi bodi alimwambia mlango haunyoosheki atafute mwingine na yeye akaona anaibiwa. Mimi mlango wake sijauona. Ila mlango sio bati moja, ni bati la nje limekunjiwa kwenye fremu ya ndani, na katikati gari za Kijapani za miaka hii zina chuma kinachopita kwa urefu kukukinga ukigongwa ubavuni. Bati la nje likibonyea peke yake hilo linanyooshwa, mtu anatoa kava la ndani anaingiza nyundo na gongo kwa nyuma anarudisha taratibu. Kile chuma kikipinda, au fremu ikipinda mpaka mlango unaacha gepu juu na kubana chini, ukinyoosha utafunga kwa kuubamiza na mvua ikija maji yataingia kwenye siti. Hapo mwingine ndo nafuu.

Kinachoniudhi mimi ni fila. Fila ni kitu kizuri, nauza, lakini kazi yake ni kusawazisha vibonde vidogo baada ya bati kunyooshwa, milimita tatu hivi ikizidi sana. Kuna watu wanaacha shimo lilivyo wanajaza fila kama wanakandika nyumba, wanapitisha msasa, wanapuliza, inang'aa, unalipa unaondoka. Huku kwetu pwani, uwe Mikindani au Lindi, hewa yenyewe ina chumvi, maji yanapenya kwa nyuma ya bati na fila inanyonya, baada ya muda unaona rangi inatoa vipele kisha inabanduka na kipande. Wewe mteja chukua sumaku, ile ya spika mbovu inatosha, ipitishe kwenye mlango kabla hujalipa. Ikigoma kushika ujue chini yake kuna matope. Angalia na vile vitundu vya chini ya mlango vya kutolea maji, wengi wanaviziba kwa fila na undakoti, ile rangi nzito ya kuzuia kutu, bila kujua, mlango unageuka ndoo.

Ukiamua mlango wa used, wengi tunaagiza kwa wauza spea wa Gerezani kule Dar, unakuja kwenye buti ya basi. Usidanganywe na yule anayekwambia kapata wa silva hiyo hiyo hauhitaji rangi, huo umetoka kwenye gari iliyopigwa jua lake na ina namba yake, utapigwa rangi tu. Muhimu muulize kama ni wa kushoto au kulia, kama umewahi kupigwa fila, na kama bati la chini kwenye mkunjo lina kutu. Na tafadhali hamisha kioo chako uweke kwenye mlango mpya, maana vioo vingi vya used vimechongwa namba za gari za watu, siku trafiki akiangalia kioo kinasema kingine na pleti inasema kingine utajieleza mpaka jioni.

Mafundi nao nisiwapambe sana. Kompresa nyingi humu hazina kichujio cha maji, na unyevu wa huku ulivyo, maji yanatoka na upepo yanatua kwenye rangi, klia inakuwa na vitundu. Wengine wanaweka tina ya bei chee inayokauka haraka mno kwenye hewa yenye unyevu, rangi inapata ukungu mweupe alafu wanasema ni rangi yangu mbovu. Na hii ya kupuliza rangi za hadena, zile zinazochanganywa na dawa ya kuzigandisha, mtu kajifunga fulana puani, jamani, zile hadena zina kemikali zinazoleta pumu ya kudumu, fulana haizuii kitu, angalau uvae barakoa yenye vichujio vya kemikali, na ile inayoletewa hewa safi kwa bomba ndo salama zaidi. Gazeti pia wasilitumie kuzibia vioo kama mvuke wa tina ni mwingi, wino unahamia kwenye rangi. (Ndiyo Mhariri, gazeti lenu huku linatumika mara mbili, asubuhi tunasoma mchana linavaa vioo vya gari, msikasirike.)

Hilo la kupeleka gari Dar silielewi kabisa. Zaidi ya kilomita 550 na mlango umefungwa kamba, barabara yenyewe ile tuliyoiona Mei 2024 kimbunga Hidaya kilivyoikata kule Somanga, ufike huko umkute fundi naye umwambie mlango mmoja tu na jioni naondoka. Atakufanyia kilekile na utalipa hela ya Dar. Chuo cha ufundi cha VETA tunacho hapa Mtwara, kama wangeweka kozi fupi ya kuchanganya na kufifisha rangi kwa hawa mafundi walioko kazini, jioni jioni, mimi ningetoa makopo ya kujifunzia.

Na kwa kuwa msimu wa minada ya korosho ukifika na hela zikaingia kila mwenye gari iliyobonyea anakumbuka gereji siku moja, njooni mapema.

Mwisho kaka wa Masasi, kama aliyekugonga ana bima huenda hujachelewa. Mkadiriaji akija kuangalia gari usikubali aandike mlango mmoja tu, mwambie aandike na kufifisha rangi kwenye mlango wa mbele na bodi ya nyuma pamoja na klia yake, na namba ya rangi aisome kwenye kile kibati cha C/TR sio kwa kukisia. Wakishaandika hivyo ndo umpelekee fundi, na umpe siku zake.

Muuza rangi,
Mtwara