Kozi ya uongozi Jumamosi: ni Pugu, si chuoni

Habari zenu wapendwa. Jumamosi tunakutana Gongo la Mboto saa 1:30 asubuhi, tupande pamoja daladala ya Pugu. Tunaanza na Mwalimu Nyerere: mwaka 1955 aliacha kazi ya ualimu hukohuko Pugu ili aiongoze TANU. Je, alilazimika? Njooni tubishane. Mchana ni mazoezi ya kuendesha kikao: akidi (idadi ya wajumbe inayotosha kikao kuanza), ajenda, muhtasari, na namna ya kumkatiza mjumbe anayeongea bila kituo pasipo kumvunjia heshima (mnajijua). Makatibu, leteni muhtasari wa kikao chenu cha mwisho, msiusafishe kwanza. Nauli kila mtu yake, chakula kipo. Wa Muhimbili mnaotoka zamu ya usiku, hata saa 4 mtapokelewa. Anayekuja aandike jina kabla ya Alhamisi jioni, mama ntilie anataka idadi.