Msimtoe sokoni ili mumjumuishe

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji ili niseme jambo moja kuhusu miradi inayoitwa ya ujumuishaji wa watu wenye ulemavu wa akili hapa Bukavu. Siandiki kama mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nakaa Kadutu, na mdogo wangu wa kiume, ambaye sasa ana umri wa miaka 27, ni mmoja wa watu ambao miradi hiyo huwaita wafaidika.

Kabla mradi wowote haujamfikia, mdogo wangu alikuwa na kazi. Shangazi yetu anauza maharagi katika soko la Kadutu, na kwa miaka minne mdogo wangu ndiye aliyekuwa akiwapimia wateja. Hesabu yake haivuki tano, lakini shangazi alimtafutia njia: mteja akitaka makopo manane ya Guigoz, lile kopo tupu la maziwa ya unga ambalo ndilo kipimo chetu hapa, shangazi alimtia vifuniko vinane vya chupa katika mfuko wa kulia wa koti, naye kila alipomimina kopo moja alihamisha kifuniko kimoja kwenda mfuko wa kushoto, mpaka ule wa kulia ukabaki mtupu. Sijawahi kumwona akikosea, isipokuwa mteja alipomharakisha. Akiharakishwa, hurudisha maharagi yote guniani na kuanza upya, jambo ambalo wanawake wa meza za jirani walikwisha kulizoea, hata aliyekuwa akisutwa ni mteja mgeni, si yeye.

Mwaka 2023 likaja shirika moja ambalo sitalitaja, kwa kuwa sidhani kuwa lilikuwa baya kuliko mengine. Lilikodi nyumba yenye uzio, likasimamisha kibao mlangoni, likawakusanya vijana wenye ulemavu wa akili kutoka kata mbalimbali ili wafundishwe kutengeneza sabuni kwa miezi sita. Nakiri kwamba mimi ndiye niliyemwandikisha, tena kwa furaha. Mwisho wa mafunzo kulikuwa na fulana, vyeti, picha, na hotuba ndefu ya Kifaransa ambayo wafaidika wenyewe hawakuambulia neno. Sabuni ile hutengenezwa kwa mawese na soda kali inayochoma ngozi, na sijui mzazi hata mmoja kati yetu aliyethubutu kumwachia mtoto wake kitu hicho nyumbani. Kwa hiyo ufundi wenyewe uliishia ndani ya uzio ule ule. Mdogo wangu aliporudi sokoni, alikuta kopo liko mikononi mwa kijana mwingine, yatima wa jirani, ambaye shangazi hakuwa na moyo wa kumfukuza. Alikaa juu ya gunia siku nzima, mifuko yake ya koti mitupu, akimtazama.

Hivyo mradi wa kumjumuisha ulimtoa mahali pekee katika mji huu ambapo alikuwa amekwisha kujumuishwa, na nina hakika kwamba katika ripoti yao anahesabiwa miongoni mwa waliofaulu.

Nadhani mzizi wa kosa hili ni kwamba bado tunawaona watu hawa kama wagonjwa wanaopaswa kutibiwa pembeni kwanza, ndipo warudishwe kwa watu. Familia nyingi huanza na chumba cha maombi, ambako mtoto hufungishwa kula ili pepo limtoke. Nyingine hukimbilia SOSAME, kituo cha watawa Ndugu wa Upendo, ambacho kinatibu magonjwa ya akili na kinafanya kazi ya maana, ila ulemavu wa akili si wazimu. Wazimu huweza kumjia mtu mzima na ukatulizwa kwa dawa, bali huyu amezaliwa hivyo au amepatwa na jambo akiwa mdogo: alichelewa kupumua wakati wa kuzaliwa, malaria ilimpanda kichwani, alipata homa ya uti wa mgongo, au ana kromosomu ya 21 iliyozidi, yaani hali ya Down. Sisi wa Kivu tulipaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Kuanzia miaka ya 1960 watafiti waliofanya kazi katika kituo cha utafiti cha Lwiro walichunguza kwa nini kisiwani Idjwi rovu, yaani uvimbe wa shingo, lilikuwa limeenea mno, na kwa nini kulizaliwa watoto waliodumaa mwili na akili; wakaona kwamba udongo wa kisiwa ulikuwa na upungufu wa iodini, na kwamba upande wa kaskazini hali ilizidishwa na muhogo usioondolewa sumu vizuri. Hapakuwa na laana wala mchawi. Kinga yake ni chumvi yenye iodini na muhogo uliolowekwa inavyopasa, lakini aliyekwisha kukua na ulemavu huo, dawa haiwezi kumwondolea. Anahitaji mahali pa kukaa na jambo la kufanya.

Sheria nayo inasema hivyo hivyo. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kulindwa kwa hatua maalumu, ikitaja waziwazi mahitaji yake ya kimwili, ya kiakili na ya kimaadili. Mwaka 2015 nchi yetu ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao kifungu chake cha 19 kinazungumzia haki ya kuishi katika jamii, kuchagua pa kukaa, na kupata huduma zile zile wanazopata wengine. Kisha ikaja sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, ya kulinda haki za watu wenye ulemavu. Sikuona popote katika maandishi hayo neno uzio.

Mtu anaweza kuniuliza kama mimi mwenyewe shuleni nimefanya tofauti. Sikufanya. Tangu elimu ya msingi ilipofanywa ya bure mnamo Septemba 2019, darasa langu limejaa mpaka watoto wanaandika wakiwa wameketi sakafuni, na mama mmoja aliponiletea binti asiyesema maneno zaidi ya mawili, nilimwambia amtafutie shule ya watoto wa namna yake, nikijua fika kwamba nauli ya kwenda huko hana. Ninapowalaumu wenye miradi, nami nimo.

Wanawake wa mstari wa maharagi ndio walionifundisha. Bila semina yoyote, walimpa mdogo wangu kazi ya kuchambua mawe katika maharagi ya meza nne, kila moja ikimlipa kidogo jioni. Halafu wakamwingiza katika muso yao, yaani kikundi chao cha kuchanga fedha, kukopeshana na kusaidiana. Mmoja alipinga kwamba hajui kutia saini, wakamjibu kwamba kidole gumba anacho. Nilihofu kwamba hatajua michango, nikasahau kwamba muso zetu hutenganisha fedha kwa rangi, kasha la kijani likiwa la mikopo na jekundu likiwa la kusaidiana mtu akipatwa na msiba au ugonjwa. Namba zinamshinda, rangi hazimshindi. Kila Jumamosi anatia franki 500 katika jekundu, na akiona mwenzake anaelekea kutia kwenye lisilo lake, humshika mkono.

Katikati ya Februari 2025, vita vilipofika mjini na maghala yakaporwa, alitoka nyumbani akiwa amevaa koti lake kwa sababu ilikuwa siku ya soko. Tulimtafuta tangu asubuhi hadi alasiri. Aliyemrudisha ni muuza makaa ambaye mimi simjui hata kwa sura, lakini yeye alimjua, akamtambua katikati ya watu wanaokimbia, akamficha nyuma ya magunia yake mpaka milio ikapungua. Wale wa nyumba yenye uzio walikuwa wamekwisha kufunga zamani, na sidhani kama kuna hata jirani mmoja wa nyumba ile aliyewahi kujua majina ya vijana waliokuwa ndani.

Kwa hiyo ninachowaomba wenye miradi na wafadhili wao ni kidogo, na pengine ni nafuu kuliko kukodi nyumba. Kabla ya kumwandikisha mtu, waulize wiki iliyopita alikuwa wapi, na nani, akifanya nini, hata kama ni kuchota maji ya jirani au kupanga viti kanisani. Kisha waende huko. Wamlipe mtu wa kumsindikiza kwa miezi ya mwanzo, mpaka azoee; wamfidie shangazi kwa wateja anaowapoteza kwa sababu ya upole wa mpimaji wake; wampelekee mwalimu kama mimi msaidizi mmoja darasani. Na ikilazimu kumtoa kwa mafunzo, wahakikishe kwa maandishi kwamba nafasi yake itamngoja.

Juma lililopita alikuja kijana wa mradi mpya, mwenye adabu, akiwa na fomu ya kuandikisha. Ilikuwa na sehemu ya jina, ya umri, ya aina ya ulemavu na ya mahitaji. Nilimwuliza ni wapi panapoandikwa kazi anayofanya sasa, akageuza karatasi pande zote mbili, akasema hapapo. Nikaiazima kalamu yake, nikaandika pembeni: Jumatatu hadi Jumamosi, soko la Kadutu, kwenye maharagi.

Msomaji wenu,
Kadutu, Bukavu