Taarifa ya mwenyekiti: mwaka wa fomu tuliyokataa kujaza

Wanachama wenzangu, salaam aleikum, Bwana asifiwe, na nyinyi wa huko nyuma mnaoendelea na mahamri hamjambo. Kamati iliniambia nisome ukurasa mmoja tu lakini mwaka huu umekuwa na mambo, mnivumilie.

Nianze na swali ambalo mmeniuliza wasapu tangu mwezi wa pili, eti pesa za mradi wa kuwakinga vijana na ugaidi zilienda wapi. Hazikuenda mahali, hazikuja. Mfadhili alitaka makaunsela wetu wakikaa na kijana wamuwekee tiki kwa fomu ya kutambua nani anaelekea kwa magaidi: amefuga ndevu, ameacha marafiki wa zamani, anasali sana, anakasirika haraka, haachi mtu ashike simu yake, alafu fomu itumwe. Itumwe kwa nani? Tuliuliza mara tatu, hatukupata jibu la maana. Mimi na katibu tukasema hapana. Najua kuna waliokasirika, na mweka hazina mpaka leo akiniona anashusha pumzi kwanza ndo anisalimie.

Haikuwa kiburi jamani. Wanasaikolojia wametafuta kwa magaidi ugonjwa wa akili ama tabia fulani inayowatenga na watu wengine, miaka na miaka, wasipate. Mwanasaikolojia John Horgan, ambaye amehoji wengi waliopitia vikundi hivi, msimamo wake ni kwamba badala ya kuuliza huyu ni mtu wa aina gani uulize aliingiaje. Na hatuhitaji kwenda mbali. Mmoja wa waliovamia Chuo cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 wakafa, alikuwa amemaliza sheria Chuo Kikuu cha Nairobi na babake ni chifu. Mmoja wa wale waliovamia hoteli ya Dusit pale Nairobi, Januari 2019, alikuwa mtoto wa mwanajeshi wetu wenyewe. Fomu ingewashika wapi hao? Ingeshika kijana wa maskani aliyeamua kuswali swala tano na hana neno na mtu.

Alafu kuna hili ambalo ndilo lilinifanya nisilale. UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walitoa utafiti 2017, wakaongea na watu waliojiunga na vikundi vya Afrika, wa al-Shabaab wakiwemo, na asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwisho kabisa ni kitendo cha serikali, kama ndugu au rafiki kuuawa ama kukamatwa. Dini? Zaidi ya nusu walikubali kwamba vitabu vya dini hawavielewi ama wanavielewa kidogo sana. Sasa kumbukeni 2014, msikiti wa Musa hapa Mombasa ulipovamiwa na polisi, vijana wakabebwa, alafu miezi miwili baadaye Wasomali wakakamatwa wakajazwa uwanja wa Kasarani, Nairobi, kama mbuzi wa mnada. Mwanasaikolojia Arie Kruglanski anasema binadamu ana njaa ya kuonekana mtu mbele za watu, na ukimdhalilisha hiyo njaa inapanda, atakayekuja kwanza na chakula ndiye atamfuata. Akina mama tunaokaa nao wanatuambia hivyo hivyo bila kusoma popote: aliyemchukua mtoto hakuanza na bunduki, alianza na "ndugu yangu, umekula?"

Ndiyo maana pia tulienda Malindi kwa familia za Shakahola, na wengine mkaniuliza sisi na Shakahola wapi na wapi. Miili zaidi ya 400 ya waumini walioambiwa wafunge mpaka kufa imefukuliwa kule, na Januari 2024 mhubiri wao na wenzake walishtakiwa kwa makosa ya ugaidi pale mahakama ya Shanzu. Dini ni nyingine ila mlango ni ule ule, mtu anatengwa na ndugu zake polepole mpaka sauti inayobaki masikioni ni moja.

Sasa kazi. Semina yetu ya kwanza hotelini ilikuwa aibu, niliongea saa nzima, vijana wakala wakaenda. Ya pili tukaipeleka uwanjani Likoni. Tukawagawa kwa vesti, njano na bluu, bila sababu yoyote, tukawapa soda wagawe. Ndani ya dakika kumi njano washawaita bluu wezi! Mwanasaikolojia mmoja, mzee Henri Tajfel, alifanya kitu kama hiki na wavulana wa shule kule Bristol miaka ya 70 ikianza, na wale walikubali kikundi chao kipunguziwe mradi tu wale wengine wapate pungufu kuliko wao. Vijana wetu walicheka kweli kweli, lakini baada ya kicheko wakaanza kuongea wenyewe kuhusu mitaa yao, nani anaitwa mgeni na nani mwenyeji, na hapo sisi makaunsela tukanyamaza.

Mmoja wao ndiye aliyeleta habari ya basi la Mandera, Desemba 2015, al-Shabaab walilivamia wakisema Waislamu wajitenge na Wakristo, abiria Waislamu wakakataa, wanawake wakawapa wenzao mitandio wajifunike. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi pale na akafariki mwezi uliofuata. Ule mstari wa njano na bluu, abiria walikataa kuuchora, na hakuna aliyewapa semina.

Kipindi chetu cha redio tumekibadilisha pia. Rwanda walichunguza mchezo wa redio wa maridhiano wakaona imani za wasikilizaji hazikubadilika sana, kilichobadilika ni kile wanachodhani majirani zao wanakubali na kukataa. Basi tumeacha kuhubiri. Tunawaweka majirani hewani waongee, hata wakibishana.

Hesabu mweka hazina atawasomea, si nzuri, nauli za tuktuk tulizitoa mifukoni. Ada ambayo hamjalipa mnaijua, majina sisomi.

La mwisho. Mfadhili yule yule amerudi, fomu ni ile ile ila sasa imepunguzwa tiki, ndevu zimetolewa. Katibu ana nakala pale mezani, isomeni kabla ya chai, tukirudi tutapiga kura kwa kuinua mikono. Yangu mnaijua itakuwa wapi.